Mji wa machimbo ulioachwa: je, tuingie handakini "kidogo tu"?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi na wenzangu watatu tunapanga kwenda kuutembelea mji wa machimbo ya dhahabu ulioachwa zamani. Uko mbali; makazi ya karibu ni mwendo wa saa nne kwa gari, na simu hazishiki. Nyumba nyingi bado zimesimama, kuna kinu cha kusagia mawe, na kwenye ubavu wa mlima kuna handaki ambalo halijazibwa. Tungependa kupiga picha, kulala usiku mmoja ndani ya nyumba mojawapo, na kuingia handakini kidogo tu, mita 20 au 30, bila kwenda mbali. Tuna kofia ngumu, taa za kichwani na barakoa. Mwenzetu mmoja anasema tukiwa na mshumaa tutajua kama hewa ni nzuri, na kwamba handaki lililosimama miaka 60 haliwezi kuchagua kuanguka siku tunayopita sisi. Je, ni kweli? Na kuna ubaya gani kuchukua kitu kidogo cha kumbukumbu, chupa ya zamani au kipande cha jiwe?"

Marahaba, na asante kwa kuuliza kabla ya kufunga safari. Nianze na majibu yenyewe, halafu nieleze sababu, kwa kuwa katazo lisilo na sababu husahaulika mtu akishafika mlangoni pa handaki. Mjini nendeni, tena nawasihi mwende, maana kuna mengi ya kuona. Handakini msiingie, hata mita tano. Ndani ya nyumba msilale; pigeni hema nje. Chupa na jiwe viacheni vilipo. Na hoja mbili za mwenzenu, ya mshumaa na ya miaka 60, zote hazisimami, ingawa naelewa kwa nini zinamvutia.

Tuanze na hewa, kwa sababu ndiyo inayoua haraka na ndiyo isiyoonekana. Hewa tunayovuta nje ina oksijeni asilimia 20.9. Katika mgodi unaofanya kazi, hewa hiyo hufika chini kwa sababu kuna feni kubwa zinazoisukuma usiku na mchana. Mgodi ukifungwa feni huzimwa, lakini kuliwa kwa oksijeni hakukomi. Miamba mingi yenye dhahabu ina pairiti, yale madini yanayong'aa njano na kuwapumbaza wageni wakadhani wameokota mali. Pairiti ikipata unyevu na hewa hubadilika kikemikali, na katika kubadilika huko hula oksijeni. Matimba yaliyowekwa kushikilia dari nayo yanaoza, na mti unaooza hula oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Mwishowe handaki hujaa hewa ya naitrojeni na kaboni dayoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mara nyingi ni nzito kuliko hewa ya nje, kwa hiyo hutuama sehemu za chini, kwenye mashimo na mahali sakafu inapoinama.

Watu wengi huamini kwamba hewa ikiwa mbaya mwili utawaambia: utabanwa pumzi, utageuka, utatoka. Imani hiyo imewagharimu wengi maisha. Ile hamu kali ya kuvuta pumzi haitokani hasa na kukosa oksijeni, bali na kaboni dayoksaidi inapojaa kwenye damu. Pale ambapo kaboni dayoksaidi ya handakini ni nyingi, kweli utaanza kuhema. Lakini pale ambapo oksijeni imeliwa na kilichobaki ni naitrojeni, mapafu yako huendelea kutoa kaboni dayoksaidi kama kawaida, na mwili hautoi onyo lolote. Oksijeni ikishuka hadi kama asilimia 16, akili huanza kudhoofika: unaamua vibaya na huoni kwamba unaamua vibaya, pengine unajisikia mchangamfu. Chini ya asilimia 10 unaweza kuzimia papo hapo. Chini ya 6, uhai uliobaki unahesabiwa kwa dakika.

Tena mgodi hupumua. Shinikizo la hewa ya nje likipanda, hewa safi husukumwa kuingia ndani. Likishuka, kwa mfano mvua kubwa inapokaribia, hewa iliyokaa vilindini hutoka kupitia milango yake. Handaki ambalo asubuhi lilikuwa salama kwa mtu mmoja linaweza jioni kumwangusha mwingine palepale. Ndiyo maana mtu akiniambia "rafiki yangu aliingia mwaka jana akatoka mzima," sibishani naye. Alitoka mzima kweli. Lakini alichokipima ni hewa ya saa ile.

Sasa mshumaa. Zamani wachimbaji waliutumia kwa kuwa hawakuwa na kingine, na wengi walikufa hivyo hivyo. Mwali wa mshumaa huzimika oksijeni inapofika karibu asilimia 16 au 17, yaani unapozimika, kichwa chako tayari kimeanza kupoteza makali. Isitoshe, mshumaa hauna habari na sumu. Kaboni monoksaidi, inayotokana na moto wa chini kwa chini, baruti au injini, haina harufu na haizimi mshumaa, lakini hushika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Haidrojeni salfaidi hunuka kama mayai viza, na watu hudhani harufu hiyo itawalinda. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi na harufu hutoweka hali gesi ikiwa inaongezeka. Na katika machimbo ya makaa ya mawe kuna methani, ambayo ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15 hulipuka ikikutana na mwali. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alibuni taa yake ya usalama mwaka 1815 kwa sababu hiyo: mwali wa wazi ulikuwa unawalipua wachimbaji. Ninyi mnaenda kwenye dhahabu, si makaa, lakini sitaki mwenzenu abebe kanuni ya mshumaa hadi safari nyingine.

Barakoa zenu ni nzuri, na nitaeleza baadaye mahali pa kuzitumia. Ila zinachuja vumbi. Haziongezi oksijeni, na gesi hupita katikati ya nyuzi zake bila kizuizi.

Kabla sijaacha habari ya hewa, kuna jambo moja naomba mlizungumze wote wanne mkiwa bado nyumbani. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu zisizo na hewa walikuwa ni watu walioingia kuokoa. Mmoja anaanguka, wa pili anamkimbilia, wa tatu anawafuata. Upendo ndio huwapeleka ndani. Kwa hiyo kubalianeni mapema: ikitokea yeyote ameanguka ndani ya handaki, shimo au tangi, hakuna anayemfuata bila hewa yake mwenyewe mgongoni. Ni agano gumu, na litawezekana tu kama mmelifanya mkiwa watulivu.

Nije kwenye dari. Mwenzenu anasema limesimama miaka 60. Lakini ametazama mlango tu. Sehemu za ndani zilizokwisha kuporomoka hazionekani kutoka nje, na yale mawe yaliyotapakaa sakafuni yalikuwa dari. Mwamba uliotobolewa hautulii milele: maji hupenya kwenye nyufa na kuzipanua, nondo zilizofungwa kuubana hushika kutu, na matimba huoza huku umbo likibaki zuri. Mti wa timba unaweza kuonekana mzima ilhali ukiubonyeza kwa kidole unazama. Na hapa kuna kosa katika ule mpango wenu wa "mita 20 tu". Mnadhani hatari huongezeka kadiri mnavyokwenda ndani. Kwa kuanguka kwa mwamba, mara nyingi ni kinyume chake. Mita za kwanza kutoka mlangoni ndizo zinazopigwa na jua, mvua, mizizi na mabadiliko ya joto. Ndipo mwamba ulipochakaa zaidi. Kofia ngumu itakukinga na kokoto au ukijigonga. Bamba la mwamba la uzito wa gari haliijui kofia.

Na sakafu ni ya kuogopwa kuliko dari. Wachimbaji walipoufuata mwamba wenye mali ukielekea chini, walichimba duara, yaani shimo la wima, hapohapo ndani ya handaki, kisha wakaliziba kwa mbao ili waweze kupita juu na matoroli. Miaka imepita. Vumbi na kokoto vimezifunika mbao, na mbao zenyewe zimeoza. Kwa mwanga wa taa ya kichwani, sakafu hiyo huonekana sawa na nyingine. Mengine yamejaa maji, na juu yake hutanda vumbi hadi yanafanana na kidimbwi cha kina cha kisigino. Duara la namna hii linaweza kuwa mita kumi kutoka mlangoni, kwa sababu aliyelichimba alifuata dhahabu. Hakuwafikiria wageni wa baadaye.

Mkiona baruti, au vile vikopo vyembamba vya chuma vyenye nyaya viitwavyo fataki, ondokeni kwa njia mliyojia, wekeni alama mbali, na toeni taarifa mkifika kwenye mtandao wa simu. Baruti ya dinamiti ikizeeka hutoa jasho la nitrogliserini, na jasho hilo linaweza kulipuka kwa kuguswa tu. Msidhani hupatikana handakini peke yake; huwa pia katika vibanda, kwenye makopo ya zamani, na chini ya sakafu za karakana.

Kuna suala la popo pia, nalo si dogo. Kati ya 1998 na 2000, huko Durba, kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ugonjwa wa Marburg uliwashika wachimba dhahabu waliokuwa wakiingia katika mgodi wenye popo wengi. Kati ya watu 154 waliougua, 128 walifariki. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, waliambukizwa virusi hivyohivyo. Mwaka uliofuata, mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa Marburg baada ya kutembelea pango la popo nchini Uganda. Hakuchimba kitu, aliingia kuangalia tu. Sehemu nyingi za dunia nje ya Afrika popo hao wa Marburg hawapo, lakini kinyesi cha popo na ndege kinaweza kuwa na kuvu wanaosababisha ugonjwa wa mapafu uitwao histoplasmosisi, na kinachohitajika ni kulitimua vumbi lake ukalivuta.

Hayo ndiyo ya chini ya ardhi. Juu ya ardhi mambo ni mepesi zaidi, mradi mjue mnatembea juu ya nini.

Kwanza, nyumba. Ingieni zile ambazo sakafu yake ni zege au udongo na paa lake halijalegea. Zenye sakafu ya mbao zitazameni kutoka mlangoni au dirishani, na picha hutoka nzuri vilevile. Vaeni viatu vyenye soli ngumu, maana misumari iko kila mahali, na hakikisheni chanjo zenu za pepopunda hazijapitwa na muda. Kulala humo ndani ndiko nakokataa, na sababu ni panya. Nyumba isiyo na mtu ina mwenyeji wake. Katika Amerika, mikojo na vinyesi vya panya hubeba hantavirusi. Ule uliotambuliwa mwaka 1993 kusini magharibi mwa Marekani huua zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu wanaougua, na huingia mwilini kwa kuvuta vumbi, hasa mtu anapofagia chumba apate pa kutandika. Afrika Magharibi panya hubeba virusi vya Lassa. Na katika mabara kadhaa kuna papasi, aina ya kupe wanaoishi kwenye nyufa za kuta, sakafu za udongo na viota vya panya. Papasi hutoka usiku, huuma kwa muda mfupi bila kuleta maumivu makubwa, kisha hurudi mafichoni. Wanaweza kukaa miaka bila kula, wakingojea atakayelala hapo. Homa yao huja, huondoka, kisha hurudi, na huwachanganya hata waganga. Hema lililofungwa zipu, nje, huondoa karibu yote haya kwa usiku mmoja.

Hema hilo lisiwe chini ya mabaki ya kinu, wala upande ambao upepo unatokea huko kuja kwenu, wala juu ya uwanda ulio karibu na handaki. Machimbo ya kina kifupi huacha uwazi chini ya udongo, na siku moja udongo hutitia. Ramani za zamani mara nyingi hazionyeshi kila kilichochimbwa. Huko Centralia, Pennsylvania, Marekani, moto uliingia katika tabaka za makaa ya mawe mwaka 1962 na unaendelea kuwaka hadi leo. Mwaka 1981 kijana wa miaka 12 alitumbukia katika shimo lililofunguka ghafla uani kwa bibi yake, akaokolewa akiwa ameshikilia mzizi wa mti. Ninyi tembeeni juu ya barabara za zamani, zilizokwisha kubeba malori, na muepuke kila mahali ardhi ilipobonyea kwa umbo la mviringo au uzio uliochakaa umezunguka pasipo na kitu. Aliyeuweka uzio huo alikuwa na sababu.

Sasa ule mlima wa mchanga laini ambao bila shaka mmeuona kwenye picha, ule wa kijivu au wa manjano hafifu. Hayo ni marudio, yaani mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu. Yanavutia kupanda, na mandhari ya juu ni nzuri. Msipande. Ndani yake mna kile kilichoachwa: aseniki na madini ya risasi vilivyokuwa kwenye mwamba, na zebaki iliyotumika kunasa dhahabu. Picher, mji wa madini ya risasi na zinki huko Oklahoma, ulizungukwa na vilima vya namna hiyo na watoto walivichezea kwa vizazi. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha karibu theluthi moja ya watoto wa huko walikuwa na risasi kupita kiasi kwenye damu. Mwaka 2009 Picher ikakoma kuwa mji. Ziara ya siku mbili si utoto mzima, nakubali, na mtu mzima atakayekanyaga vumbi hilo akanawa mikono hatadhurika sana. Lakini kulivuta pumzi, kula chakula juu yake, au kulibeba kwenye viatu hadi kwenye zulia anapotambaa mtoto, hayo ni mambo mengine. Hapa ndipo barakoa zenu zinapofaa: zivaeni upepo ukivuma na mkiwa karibu na kinu. Kuleni mbali na hapo, mikono ikiwa imenawiwa kwa sabuni. Viatu na nguo za juu vifungeni kwenye mfuko kabla hamjaingia garini, na kama kuna anayetaka kuja na mtoto mdogo au ni mjamzito, safari hii isiwe yake.

Hapo natoa tahadhari moja isiyo na nafasi ya kupimwa: kama mji ulikuwa wa asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba, usiende kabisa, na barakoa ya kawaida isikutie moyo. Wittenoom, huko Australia Magharibi, migodi ya asbesto ya bluu ilifungwa mwaka 1966, lakini mabaki yake bado yamezagaa kwenye makorongo. Watu zaidi ya 2,000 waliofanya kazi au kuishi huko wamekufa kwa maradhi yanayotokana na nyuzi hizo, na serikali iliufuta mji huo kwenye orodha yake ya miji mwaka 2007. Korongo ni zuri kupindukia, na hilo ndilo linalowavuta watu.

Kuhusu maji, wengi huogopa maji mekundu yanayotiririka kutoka mgodini, na ni sawa kuyaogopa. Yana asidi na vyuma. Wasilolijua ni kwamba maji maangavu kabisa yanaweza kuwa mabaya zaidi, kwa kuwa aseniki haina rangi wala ladha. Kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha huua vijidudu. Vyuma hubaki na maji hupungua, kwa hiyo sumu huzidi kukolea. Bebeni maji yenu yote, angalau lita tano kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili zaidi ya mliyopanga.

Kinu chenyewe kitazameni kutoka nje. Sakafu zake ni za ngazi ngazi na zimechoka, na zebaki hubaki kwenye nyufa za mbao na udongo kwa miongo mingi. Huko Bodie, California, mji wa dhahabu uliohifadhiwa tangu 1962 na unaopokea wageni kila mwaka, eneo la kinu limefungwa. Huingii ila kwa mwongozaji.

Lakini sitaki kukujaza hofu nikasahau kukuambia nini cha kutazama. Mji wa machimbo unasomeka, na ukijua kuusoma hutatamani giza la handaki. Simameni mbali mkitazame kinu: kimejengwa kwenye mteremko kwa makusudi. Mawe yaliingizwa juu, yakavunjwa, yakashuka kwa uzito wake hadi kwenye nyundo za kusagia, yakapita juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki, na tope likaishia chini. Mvutano wa ardhi ulikuwa kibarua asiyelipwa. Mkiona matangi makubwa ya mviringo karibu na hapo, mjue mji uliishi hadi baada ya 1887, mwaka ambao njia ya kutoa dhahabu kwa sianidi ilivumbuliwa huko Scotland. Matangi hayo ndiyo yaliyowawezesha watu kurudia marudio ya zamani na kupata kilichowaponyoka. Kisha tafuteni nyumba ya meneja. Mara nyingi iko juu, upande ambao vumbi na kelele za kinu haziufikii. Mabweni ya vibarua yatafuteni upande wa pili. Umbali kati ya hizo mbili utawasimulia mengi kuhusu nani alihesabiwa kuwa mtu.

Kolmanskop, katika jangwa la Namibia karibu na Lüderitz, ndio mfano ninaoupenda. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, aliokota almasi mchangani akampa msimamizi wake, August Stauch; Stauch ndiye aliyekata leseni na kutajirika. Mji ulipata hospitali yenye mashine ya eksirei, kiwanda cha barafu na ukumbi wa burudani, katikati ya jangwa lisilo na maji, huku vibarua wa mkataba, wengi wao Waovambo, wakiishi kwenye mabweni. Almasi nyingi zaidi zilipopatikana kusini, watu wakahama, na mwaka 1956 wa mwisho wakaondoka. Leo mchanga umejaa vyumbani hadi madirishani. Mnaingia kwa kibali na mnatembea wazi. Humberstone, Chile, uliochimba chumvi ya naitreti na kufungwa mwaka 1960, bado una ukumbi wake wa maonyesho. Soko lake liliuawa na wanakemia waliojifunza kutengeneza naitreti kutokana na hewa. Natamani kila mgeni wa mji wenu ajiulize swali hilo: hapa kiliisha nini, madini au bei?

Kwa sababu hiyo hiyo naomba chupa ibaki. Chupa ya dawa iliyo kwenye dirisha la nyumba ya kibarua inasema kitu kuhusu maradhi ya nyumba ile. Ikiwa kwenye rafu yako haisemi kitu. Bodie wamechagua kuacha kila kitu kilipokuwa, wakizuia majengo yasianguke tu, na wahifadhi wake wamekuwa wakipokea vifurushi vya misumari na vipande vya vioo kutoka kwa wageni waliojutia kuvichukua. Pia kuna sheria: mahali pengi kuchukua vitu vya kale au mawe yenye madini ni kosa, na mji ulioachwa si mji usio na mwenyewe. Na kwa usalama tu, chupa ya mgodini huenda ilikuwa na asidi au sianidi, na jiwe zito linalong'aa kijivu huenda limejaa risasi au aseniki. Pigeni picha. Andikeni mahali kilipokuwa.

Kama hamu ya kuingia chini ya ardhi haiishi, na naielewa hamu hiyo, ziko njia. Ya kwanza ni mgodi uliofunguliwa kwa wageni, wenye hewa inayosukumwa, dari inayokaguliwa na mwongozaji. Ya pili ni kuingia na mhandisi wa migodi au kikundi chenye uzoefu wa migodi ya zamani, kwa ruhusa ya mwenye eneo, mkiwa na kipima gesi kinachosoma oksijeni, methani, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi, kilichorekebishwa karibuni, na mtu aliyebaki nje. Hata hao hugeuka nyuma mara nyingi. Wapo watu wanaoingia bila haya yote na kutoka salama. Sitakudanganya kwamba kila anayeingia hufa. Ninachosema ni kwamba ninyi wanne, kwa vifaa mlivyonitajia, hamna njia ya kujua kama mko upande gani, na kutoka hapo hadi kwa daktari ni saa nne.

Kabla ya safari, nendeni ofisi ya madini au ya mambo ya kale inayosimamia eneo hilo. Ulizeni nani anamiliki, kulichimbwa nini, kama kuna ramani ya mashimo, na kama kibali kinahitajika. Ziara hiyo moja ya ofisini inaweza kuwaambia zaidi ya barua yangu, kwa kuwa mimi sijaliona eneo. Nendeni na magari mawili, mafuta ya kwenda na kurudi yenye ziada ya nusu, na kifaa cha setilaiti cha kuitia msaada. Mwachieni mtu makini maandishi: mnaenda wapi, kwa njia gani, mtarudi saa ngapi, na saa gani akiona kimya ampigie nani.

Mkiwa huko, ikiwa zaidi ya mmoja wenu anaumwa kichwa au kusikia kizunguzungu kwa wakati mmoja, msitafute sababu; tokeni mahali mlipo kwanza, nendeni kwenye upepo. Aliyezimia hata kama ameamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliyechomwa na msumari asafishe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aonane na mhudumu wa afya kuhusu sindano ya pepopunda ndani ya siku moja au mbili. Na mkirudi, hesabuni wiki nane. Homa yoyote, maumivu makali ya misuli, kifua kubana, au homa inayokuja na kupotea katika muda huo, isitibiwe nyumbani kwa kubahatisha kuwa ni malaria, pimeni. Mwambieni daktari mlikokuwa: nyumba zenye panya, mahali penye popo, papasi, vumbi la marudio. Hatakisia mwenyewe, na vipimo vya magonjwa hayo haviombwi bila mtu kutajwa kuwa alikuwa huko.